Dawa za bure kwa wenye kisukari England: haki iko wapi, na nani kaachwa mlangoni

Wazee wangu, mama zangu, kaka na dada zangu, habari za jioni.

Swali lililotukutanisha hapa huulizwa kila wanapokaa Waswahili wawili watatu katika nchi hii, ama kwa sauti, ama kwa kunong'ona kwenye foleni ya famasi. Kwa nini mwenye kisukari achukue dawa zake zote bila kutoa hata senti, na jirani yake mwenye pumu alipe pauni 9.90 kwa kila dawa aliyoandikiwa? Wote wawili ni wagonjwa, na wote wawili watakunywa dawa maisha yao yote. Haki iko wapi?

Jibu langu nalitoa mapema ili tusizungushane. Msamaha wa wenye kisukari ni wa haki na usiguswe. Dhuluma iko kwenye orodha yenyewe, iliyoandikwa mwaka 1968 na kuongezwa ugonjwa mmoja tu tangu wakati huo. Tukimnyooshea kidole mwenye kisukari tunamkosea, maana si yeye aliyewafungia wengine mlango. Nitaeleza kwa nini nasema hivyo, kisha nitakwenda kwenye fomu na tarehe, kwa sababu wapo wengi kati yetu wanaostahili msamaha huu na bado wanalipa, na wapo waliopigwa faini kwa kukosa cheti tu.

Ada ya dawa ninayoizungumzia ni ya England peke yake. Wales waliifuta Aprili 2007, Ireland ya Kaskazini Aprili 2010, Scotland Aprili 2011. Mwenye pumu anayeishi Cardiff au Glasgow halipi kitu. Akihamia Leicester anaanza kulipa, mapafu yakiwa yaleyale. Kwa hiyo akitokea mtu kusema ada hii haiwezi kuondolewa, mwambieni imeshaondolewa, tena ndani ya Uingereza hiihii.

Tangu Mei 2024 ada ni pauni 9.90, na hailipwi kwa karatasi bali kwa kila dawa iliyoandikwa juu yake. Dawa tatu ni pauni 29.70. Ada haibadiliki hata dawa yenyewe ikiwa ya bei ndogo sana: vidonge vya metformini, dawa ya kisukari, vya mwezi mmoja huigharimu NHS, yaani huduma ya afya ya umma, fedha kidogo kuliko hiyo ada, na kalamu za insulini huigharimu zaidi. Anayelipa, analipa ileile.

Sasa, orodha ilitoka wapi? NHS ilipoanza tarehe 5 Julai 1948 dawa zilikuwa bure kwa kila mtu. Aprili 1951 Aneurin Bevan, waziri aliyeiasisi, alijiuzulu kwa kupinga wananchi kutozwa meno ya bandia na miwani, na mmoja wa waliotoka naye serikalini alikuwa Harold Wilson. Mwaka uliofuata, Juni 1952, ada ya dawa ikaanza kwa shilingi moja. Wilson alipokuwa waziri mkuu aliifuta, Februari 1965. Kisha pauni ikashushwa thamani, hazina ikabanwa, na serikali yake mwenyewe ikairudisha ada Juni 1968. Ili isiwaangukie wasiojiweza, wakawatoa watoto, wazee, waja wazito na watu wenye kipato kidogo, na wakaandika orodha fupi ya maradhi ambayo mgonjwa wake hatalipa.

Orodha hiyo ndiyo tunayoishi nayo hadi leo. Iko kisukari, isipokuwa kile kinachodhibitiwa kwa chakula peke yake. Uko upungufu wa homoni ya tezi ya shingo. Kiko kifafa kinachohitaji dawa mfululizo. Iko hali ya tezi zilizo juu ya figo kushindwa kazi, na za tezi ya chini ya ubongo, na za tezi ndogo za nyuma ya ile ya shingo. Uko udhaifu wa misuli uitwao mayasthenia gravisi. Liko tundu la kudumu lililofunguliwa kwa upasuaji, kwa mfano tumboni, linalohitaji mfuko au bandeji wakati wote. Na yuko mtu mwenye ulemavu wa mwili unaoendelea, asiyeweza kutoka nyumbani bila msaada wa mtu mwingine. Saratani iliongezwa Aprili 2009. Basi.

Ukiitazama kwa makini utaona fikra iliyokuwa nyuma yake. Maradhi mengi katika orodha ni ya mwili kukosa kitu usichoweza kuishi bila hicho, na dawa ndiyo inayokirudisha. Kongosho halitoi insulini, basi insulini inachomwa kila siku. Tezi haitoi homoni, basi kidonge kinamezwa kila asubuhi. Ni maradhi yanayothibitika kwa kipimo, hayana ubishi, na wakati ule wagonjwa wake hawakuwa wengi. Kwa mwaka 1968 hiyo ilikuwa njia inayoeleweka ya kuchora mstari.

Lakini tiba haikusimama mwaka huo. Pampu ya salbutamoli, ile ya buluu ambayo kila mwenye pumu anayo mfukoni, ilianza kuuzwa mwaka 1969, mwaka mmoja baada ya orodha kufungwa. Mtoto aliyezaliwa na saistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaoziba mapafu na kongosho, hakutarajiwa kufika umri wa kulipa ada, kwa hiyo hakuna aliyemfikiria. Leo anafika, anafanya kazi, na anatozwa. Orodha haikuwaacha watu hawa nje kwa sababu ugonjwa wao ni mwepesi. Iliwaacha kwa sababu iliandikwa kabla ya tiba yao kuwapo, na hakuna aliyerudi kuisahihisha.

Niseme sasa kwa nini msamaha wa kisukari unastahili kubaki.

Wengi hudhani kisukari ni dawa moja. Chukua mtu wa miaka 48 mwenye kisukari cha aina ya pili, hali ya kawaida kabisa. Ana metformini ya sukari na gliklazaidi ya kuisaidia. Ana ramiprili ya presha, ambayo pia hulinda figo, na amlodipini kwa kuwa ramiprili peke yake haikutosha. Ana atovastatini ya mafuta kwenye damu. Hizo ni dawa tano, na hatujagusa vijiti vya kupimia sukari wala sindano za kutobolea kidole. Bila msamaha, kila mwezi angetoa pauni 49.50, na kwa miezi 12 pauni 594.

Hapo dirishani kuna jambo ambalo kila mfamasia analijua. Mtu asiye na msamaha na asiye na fedha za kutosha huuliza: "Nikichukua mbili tu leo, zipi ni za lazima?" Anachokuuliza ni kiungo gani akihatarishe. Na akiachiwa achague mwenyewe, huchagua kwa kusikiliza mwili. Dawa ya maumivu anaichukua kwa sababu maumivu anayasikia. Metformini anaweza kuichukua kwa sababu sukari ikipanda anakwenda haja ndogo usiku kucha na kiu haimwishi. Zinazobaki rafuni ni ramiprili na atovastatini, kwa sababu presha haiumi na mafuta kwenye damu hayaumi. Zile mbili alizoziacha ndizo zilizokuwa zikimkinga na kiharusi, moyo kusimama na figo kufa. Hasara yake haionekani mwezi huo. Inaonekana miaka kumi baadaye, mtu analala hospitali mara tatu kwa wiki ameunganishwa na mashine ya kusafisha damu.

Kwa mwenye kisukari cha aina ya kwanza hakuna hata miaka kumi. Akikosa insulini, damu huanza kujaa asidi, na katika siku moja au mbili anaweza kufa. Huyu anahitaji insulini ya muda mrefu, insulini ya chakula, ncha za kalamu, vijiti vya sukari, vijiti vya ketoni, kifaa cha kupima sukari kinachobandikwa mkononi na kopo la kutupia sindano. Akiwa dereva, sheria inamtaka apime ndani ya saa mbili kabla ya kuwasha gari na kila baada ya saa mbili akiwa safarini, na anashauriwa ale kitu kwanza sukari ikiwa 5 au chini yake. Kumtoza mtu huyu kwa kila kipande ni kumtoza kwa kupumua.

Lipo lalamiko ambalo lina uzito, na sitalipita juu kwa juu. Cheti cha msamaha hakimlipii mtu dawa za kisukari tu. Kinamlipia kila dawa ya NHS aliyoandikiwa: ya mzio wa vumbi, ya chunusi, ya mgongo. Mwenye pumu anauliza, je, hiyo nayo ni haki?

Ingewezekana kusema msamaha uwe wa dawa za kisukari peke yake, lakini jaribu kuchora mpaka huo dirishani. Atovastatini ni ya kisukari au ya moyo? Dawa ya fangasi, je? Fangasi huwarudiarudia watu ambao sukari yao iko juu. Antibayotiki ya kidonda cha mguu? Kwa mtu mwingine ni kidonda. Kwa mwenye kisukari ambaye neva za miguu zimekufa na damu haifiki vizuri vidoleni, kidonda kilekile kikicheleweshwa wiki moja kinaweza kuishia kwenye msumeno. Ndiyo maana msamaha ulifungwa kwenye mtu, haukufungwa kwenye kidonge. Ndiyo, utabeba na dawa chache ambazo hazihusiani na sukari. Naona hiyo ni gharama ndogo kuliko kumpa mfamasia kazi ya kuhukumu kila kidonda.

Na wale wanaosema kisukari cha aina ya pili mtu amejiletea kwa kula, wajue kwamba watu wenye asili ya Afrika na ya Asia ya Kusini huupata ugonjwa huu mapema na wakiwa na uzito mdogo kuliko Wazungu. Miongozo ya afya ya hapa inatuambia sisi tuanze kuchukua tahadhari uzito ukifika 23 kwa kile kipimo cha uzito na urefu, wakati kwa Mzungu ni 25. Urithi wa familia una mkono wake, kazi za zamu za usiku zina mkono wake, umaskini una mkono wake. Kisha hakuna ugonjwa mwingine ambao NHS inauliza kwanza ni kosa la nani ndipo itoe dawa. Aliyevunjika mguu akicheza mpira haulizwi kwa nini alicheza.

Kuna mahali, hata hivyo, ambapo sheria ya kisukari yenyewe imekaa vibaya. Msamaha hautolewi kwa anayedhibiti sukari kwa chakula peke yake. Tuchukue majirani wawili, wote kipimo chao cha HbA1c, kile cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari, kilikuwa 52, na kumbukeni kwamba kisukari huanzia 48. Mmoja amepewa metformini, akapata cheti, na dawa zake zote ni bure, zikiwamo za presha. Wa pili kapunguza ugali na chapati, anatembea kila jioni, kaishusha sukari mpaka haihitaji kidonge. Huyu dawa zake za presha na za mafuta, zilezile zinazomlinda na madhara ya kisukari, analipa. Aliyejitahidi zaidi ndiye anayetozwa. Mpaka huo ungewekwa kwenye ugonjwa uliothibitishwa, na si kwenye kidonge. Lakini nawasihi, asiwepo wa kuomba metformini kwa ajili ya cheti. Dawa huanza pale inapohitajika.

Na wale waliopewa metformini kwa sababu sukari imekaribia tu, yaani HbA1c ya 42 hadi 47, au kwa ajili ya vivimbe vya mayai ya uzazi, hawamo. Wanayo dawa, lakini hawana ugonjwa uliotajwa kwenye orodha. Hili huwachanganya wengi, wakatia saini mahali ambapo si pao.

Narudi kwa jirani wa pumu, na kwa mwingine ambaye anatuhusu kwa damu: mwenye selimundu. Huyu amezaliwa na ugonjwa wake. Chembe zake za damu zinajikunja kama mundu, zinaziba mishipa, zinaleta maumivu ambayo hata mofini huyatuliza kwa shida. Wengi wao humeza penisilini kila siku kwa sababu wengu umeharibika na maambukizi yanaweza kuwaua kwa saa chache. Wanameza foliki asidi, wana dawa za maumivu, baadhi wana haidroksikabamaidi. Ni ugonjwa wa maisha, unathibitika kwa kipimo cha damu kisicho na ubishi, na kukosa dawa kunaua. Ukitumia vigezo vyote vilevile vilivyomwingiza mwenye kisukari, huyu anaingia. Hayumo kwenye orodha. Akitimiza miaka 16, au 19 kama bado anasoma kwa muda wote, na hana sababu nyingine ya msamaha, anaanza kulipa. Mwaka 1968 wenye selimundu katika nchi hii walikuwa wachache, wengi wao watoto wa wahamiaji, na sauti zao hazikufika kwa waliokuwa wakiandika. Leo ni maelfu, na orodha bado haijawaona.

Serikali zinalijua jambo hili. Mwaka 2008 Gordon Brown, waziri mkuu wa wakati huo, alitangaza kwamba wenye saratani wataacha kulipa, na kwamba wenye maradhi mengine ya muda mrefu watafuata. Wenye saratani waliingia mwaka uliofuata. Kwa hao wengine, Profesa Ian Gilmore aliombwa aeleze itafanyikaje, na ripoti yake ilitoka Mei 2010 ikipendekeza msamaha kwa kila ugonjwa wa muda mrefu, yaani unaotarajiwa kudumu angalau miezi sita. Serikali mpya ikasema fedha hakuna, na jalada likafungwa.

Fedha zenyewe ni kiasi gani? Ada ya dawa huiingizia NHS ya England zaidi ya pauni milioni 600 kwa mwaka. Bajeti yake inapita pauni bilioni 150. Ni chini ya nusu ya asilimia moja. Na takriban dawa 9 katika kila 10 zinazotolewa zinatoka bila ada tayari, zaidi ya nusu zikienda kwa waliofika miaka 60. Mzigo umebaki hasa kwa watu wa miaka 19 hadi 59 wanaofanya kazi, na unawaelemea zaidi wanaopata kidogo zaidi ya kiwango cha msaada. Msafishaji wa ofisi, mlezi wa wazee, dereva wa basi. Tuko wengi katika kundi hilo.

Basi tuje kwenye karatasi.

Mwenye kisukari anayetumia dawa, iwe kidonge au sindano, anatakiwa awe na cheti. Hili ndilo linalowaangusha wengi. Daktari akikwambia una kisukari, msamaha hauji wenyewe. Nenda mapokezi kwa daktari wako wa familia uulize fomu FP92A. Huipati kwenye intaneti wala posta, iko kwao, na siku hizi baadhi yao wanaijaza moja kwa moja kwenye kompyuta. Jaza jina lako kama lilivyo kwenye rekodi za NHS, tarehe ya kuzaliwa, anwani unayokaa sasa. Daktari au mtu aliyeidhinishwa na yeye anatia saini kuthibitisha ugonjwa. Huhitaji kulipa, na huhitaji kuonana na daktari ana kwa ana kama rekodi zinaonyesha. Cheti kinaanza mwezi mmoja kabla ya siku maombi yalipopokelewa, na kinadumu miaka mitano.

Makosa yetu ni yaleyale. Majina: pasipoti ina majina matatu, NHS ina mawili, cheti kina mengine, na mfumo ukikutafuta haukuoni. Anwani: ukihama bila kuwaarifu, barua ya kukumbusha kwamba cheti kinaisha inakwenda nyumba ya zamani. Na kuchelewa: ukilipa wakati unasubiri cheti, lazima uombe risiti ya FP57 palepale dirishani unapolipa. Ukiondoka bila hiyo, haitolewi tena, na bila hiyo hurudishiwi. Ukiwa nayo una miezi mitatu ya kudai.

Kuhusu faini: nyuma ya karatasi ya dawa kuna visanduku, na mgonjwa au aliyemtuma hutia alama kueleza kwa nini halipi. Mfamasia hakuhukumu. Taarifa zinakaguliwa baadaye. Ukitia alama ya msamaha wa kiafya na huna cheti hai siku ile, hata kama una kisukari cha kweli na sindano mfukoni, barua inakuja. Utatakiwa ulipe ada yenyewe na faini ya mara tano yake, isiyozidi pauni 100. Kwa dawa tatu ni pauni 129.70, na usipolipa ndani ya siku 28 inaweza kuongezeka hadi pauni 50 nyingine. Usiitupe barua hiyo droani. Wapigie walioituma, waeleze, peleka cheti kama ulikuwa nacho. Na kijana unayemtuma kuchukua dawa, mwambie kisanduku chako ni kipi. Watoto wetu hutia alama ya kwanza wanayoiona, au ile ya Universal Credit, malipo ya serikali kwa wenye kipato kidogo, wakati Universal Credit peke yake haitoshi: kipato cha kazi kwa kipindi kile cha malipo lazima kisizidi pauni 435, au 935 kama kuna mtoto ndani ya malipo au uwezo wako wa kufanya kazi umepungua kwa ugonjwa.

Mjamzito anapata cheti chake cha uzazi, kinachodumu hadi miezi 12 baada ya tarehe aliyotarajiwa kujifungua. Aliyepata kisukari cha mimba, dawa zake zimo humo. Ila baada ya kujifungua apimwe tena, na kila mwaka, kwa sababu wengi hurudiwa na kisukari cha kudumu.

Cheti cha kisukari hakilipii meno wala miwani. Lakini kupimwa macho kwa mtaalamu wa miwani ni bure kwa mwenye kisukari, na ule uchunguzi wa picha za nyuma ya jicho ni bure pia. Mkiitwa, nendeni.

Kwa asiye kwenye orodha, mlango uliopo ni cheti cha kulipia kabla. Cha mwaka ni pauni 114.50, na unaweza kukilipa kwa makato kumi ya pauni 11.45 benki. Cha miezi mitatu ni pauni 32.05. Hesabu ni rahisi: dawa 12 kwa mwaka zingekugharimu pauni 118.80, kwa hiyo anayechukua dawa moja tu kila mwezi tayari anaokoa. Mwenye selimundu anayechukua dawa nne kila mwezi angelipa pauni 475.20. Inasikitisha jinsi watu wetu wanavyolipa miaka na miaka bila kukijua.

Na hapa pana jambo la kupima vizuri tunapolinganisha haki. Mwenye pumu aliye na cheti hiki anamzidi mwenye kisukari kwa malipo ya pauni 114.50 kwa mwaka, kama pauni 2.20 kwa wiki. Kwa mwenye mshahara mzuri, si kitu. Kwa anayekata umeme kulipa chakula, makato ya pauni 11.45 ndiyo yanayokwama kwa kukosa fedha benki, na cheti kinafutwa.

Huyo wa kipato kidogo ajaze fomu HC1, ya kuomba msaada wa gharama za afya. Akiba isizidi pauni 16,000. Akipewa cheti cha HC2, yaani msaada kamili, dawa ni bure. Akipewa HC3, yaani msaada wa sehemu, itamsaidia kwenye meno na miwani, kwa dawa haimsaidii. Anayeomba hifadhi na kupewa msaada wa serikali anastahili HC2. Na wale wa viza mliolipa pauni 1,035 kila mwaka kwa ajili ya NHS, fedha ile haiwaondolei ada ya dawa. Lakini haiwazuii kupata cheti cha kisukari. Masharti ni yaleyale kwenu na kwa aliyezaliwa hapa.

Jambo moja naliomba kwa heshima. Dawa iliyotoka kwa jina lako ni yako. Najua nyumbani ndugu wananunua insulini kwa fedha za mfukoni, na moyo unauma. Lakini insulini ambayo haijafunguliwa inataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Ndani ya begi la mizigo inaganda angani, kisha inachemka uwanjani Dar es Salaam, na inayofika si dawa tena ingawa kwa macho haina tofauti. Aliyechoma insulini iliyokufa anaamini amejitibu. Mtumieni fedha anunue pale pale alipo.

Kuhusu orodha, haihitaji sheria mpya ya bunge. Saratani iliingizwa kwa kubadilisha kanuni, na waziri wa afya anaweza kufanya hivyo tena. Mwandikie mbunge wako, hata kwa sentensi tano: ugonjwa gani, dawa ngapi kwa mwezi, unalipa kiasi gani, ulishawahi kuacha ipi kwa kukosa fedha. Wenye kisukari, nyinyi hasa muandike, kwa ajili ya hao wasiomo. Barua ya mtu ambaye hanufaiki na anachokiomba husomwa kwa jicho jingine.

Na usiku huu, kabla ya kulala, toeni vyeti vyenu kwenye pochi muangalie tarehe ya mwisho. Kama imebaki chini ya miezi miwili, pigeni simu kwa daktari Jumatatu asubuhi, msisubiri barua.